Namba za Kijani, Kazi Imelala: Jinsi Kiwanda cha Chipu Kinavyojipima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya katika sherehe za Uhuru wa Tanganyika, Phoenix, Arizona)



Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumze, alitegemea nitasema tena juu ya shinikizo la damu na sukari kama mwaka jana. Nikamwambia mwaka huu nataka kusema juu ya viwanda vya chipu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lakini dada, si wewe ni nesi?" Basi niacheni nijieleze.

Sisi tunaoishi Phoenix tumezungukwa na viwanda hivi. Intel wako Chandler kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2020 kampuni ya TSMC ya Taiwan ilitangaza kwamba itajenga hapa, na leo ukipita kaskazini mwa jiji unaviona viwanda vyao vimesimama jangwani kama mji mwingine. Mwaka 2022 vyuo vya jamii vya kaunti yetu ya Maricopa vilianzisha kozi fupi ya siku kumi kwa anayetaka kuanza kazi ya ufundi katika viwanda hivyo. Tangu hapo, harusini na hata msibani, mzazi hanivuti pembeni bila swali lile lile: "Nesi, kijana wangu asome uuguzi kama wewe, au aende kwenye chipu?" Nimekuwa nikijibu bila kujua. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, aliyekulia nyumbani kwangu, aliingia huko. Ikabidi nijifunze ili nijue anaongea nini akirudi asubuhi.

Nilipoanza kusoma nilikutana na mwaka tunaoujua wote hapa. Mwaka 1961, Desemba 9, bendera yetu ilipanda. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Robert Noyce alipewa hapa Marekani hataza ya chipu yake, yaani sakiti nzima ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Na mwaka huo huo mwanahisabati John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ya foleni ambayo kila kiwanda cha chipu kinaitegemea hadi leo. Kwa hiyo nikisema ninayoyasema siku ya Uhuru, Mwenyekiti, sijatoka nje ya mada sana.

Chipu haitengenezwi moja moja. Inaanzia kwenye kisahani chembamba cha silikoni kinachoitwa wefa, upana wake milimita 300, karibu sawa na sahani kubwa ya chapati. Juu ya wefa moja hujengwa chipu mamia, tabaka juu ya tabaka: utando unawekwa, picha inapigwa kwa mwanga, sehemu zisizotakiwa zinaliwa na kemikali au gesi, inasafishwa, inapimwa, kisha inarudi mwanzo kwa tabaka linalofuata. Wefa inarudi kwenye mashine zile zile za kupiga picha mara kadhaa na kadhaa. Hatua zote kwa jumla ni mamia, na kwa chipu za kisasa hupita elfu moja. Safari nzima huchukua kama miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Wefa husafiri 25 kwa 25 ndani ya sanduku lililofungwa, likining'inia kwenye reli za darini. Wafanyakazi wamefunikwa kuanzia utosini hadi kidoleni, kuliko sisi tukiwa chumba cha upasuaji, kwa sababu huko mchafu ni binadamu. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuua chipu.

Sasa chukueni simu zenu, mfanye hesabu pamoja nami. Tuseme kila hatua ni nzuri sana, kati ya mara elfu moja inakosea mara moja tu. Hiyo ni asilimia 99.9. Nani hapa angelalamika kama mtoto wake angeleta alama hizo? Lakini zidisha 0.999 kwa yenyewe mara elfu moja, maana hatua ni elfu moja. Unabaki na kama asilimia 37. Karibu theluthi mbili ya kazi imekwenda kwenye takataka, na hakuna hata mtu mmoja aliyefanya vibaya. Ukipandisha kila hatua hadi asilimia 99.99, unatoka na kama 90. Kiasi cha chipu nzima kinachotoka kwenye wefa ndicho wenyewe wanachokiita mavuno, kama sisi wa mahindi na mpunga. Kiwanda kipya kinaweza kuanza na mavuno hafifu na kikahangaika miezi mingi kuyapandisha, na hapo ndipo faida au hasara inapoamuliwa, kwa sababu mashine zimeshalipiwa. Mashine moja tu ya kisasa ya kupiga picha kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri hupita dola milioni 150.

Ukiwa na mashine ya bei hiyo, jambo la kwanza unalofikiri ni kwamba isikae bure hata dakika moja. Nami ningefikiri hivyo. Hapa ndipo mambo yanapokuwa kinyume na akili ya kawaida, na ndipo nilipoanza kuona wodi yangu mwenyewe.

Kanuni ya Little ni nyepesi. Idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya wanaotoka, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kliniki ikiwa na watu 30 benchi nzima, na daktari anamaliza watu 10 kwa saa, anayeingia sasa hivi atakaa saa 3. Huhitaji kumwuliza mtu. Kiwandani ni hivyo hivyo: kama kinatoa wefa 1,000 kwa siku, na ndani zimo wefa 60,000, basi kila wefa inakaa siku 60. Ukitaka ikae siku 30 bila kuongeza mashine, punguza zilizo ndani zibaki 30,000. Watu wengi wakiambiwa hivyo hawaamini. Wanaona rundo la kazi mbele ya mashine na kudhani ni utajiri.

Na foleni yenyewe haikui kwa mstari ulionyooka. Mwaka ule ule wa 1961 Mwingereza mmoja, John Kingman, alitoa fomula yake ya kukadiria kusubiri. Niwape sura yake nyepesi kabisa. Tuseme huduma moja huchukua dakika 10, na watu wanakuja ovyo ovyo kama wanavyokuja hospitali. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, wewe utasubiri kwa wastani dakika 10. Akiwa na shughuli asilimia 80, utasubiri dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190, yaani zaidi ya saa tatu kwa huduma ya dakika kumi. Kutoka 90 hadi 95 bosi anaona ameongeza kidogo tu. Aliye kwenye benchi ameongezewa mara mbili na zaidi. Kila muuguzi aliyefanya kazi mapokezi ya dharura vitanda vyote vikiwa vimejaa anaijua hesabu hii mwilini, hata kama hajawahi kuiona kwenye karatasi. Na fomula ya Kingman inasema jambo la pili: vurugu huongeza foleni. Mashine inayoharibika kila baada ya siku mbili bila taarifa, kazi zinazofika kwa mafurushi, makundi ya haraka yanayoruka foleni kama tunavyowarusha wagonjwa mahututi. Wa haraka anafaidi, kila aliye nyuma yake analipa. Tanuri nazo zina tabia ya daladala: hazitaki kuondoka mpaka zijae, zinasubiri wefa mia moja na zaidi, na huku abiria wa kwanza ameketi tangu asubuhi.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Baina ya mwaka 1996 na 1999, Samsung ya Korea ilibadilisha jinsi ya kupanga kazi katika viwanda vyake vyote vya chipu, ikisaidiwa na Robert Leachman, profesa wa Berkeley ambaye alikuwa ameshiriki kulinganisha viwanda vya nchi mbalimbali. Muda wa kutengeneza chipu za kumbukumbu ulikuwa zaidi ya siku 80. Ukashuka chini ya siku 30. Hawakufanya hivyo kwa kukimbiza watu. Walikokotoa kila hatua inahitaji kazi kiasi gani mbele yake, wakailinda mashine iliyo kwenye banio ili isikose kazi kamwe, na kwingine kote wakaacha kurundika. Waliotoka sehemu za kilimo cha umwagiliaji wanajua banio la mfereji: maji ya shamba zima ni yale yanayopita pale, ukichimba mfereji mpana chini yake hujaongeza hata ndoo moja. Kwa kuwa bei ya chipu za kumbukumbu hushuka kadiri siku zinavyokwenda, kufika sokoni siku 50 mapema ni pesa. Hesabu iliyochapishwa baadaye ilisema kampuni iliuza zaidi kwa dola bilioni moja kuliko ambavyo ingeuza kwa mashine zile zile bila mabadiliko hayo.

Basi mtu atauliza, kama hesabu iko wazi namna hii, kwa nini viwanda vingine vinahangaika? Nadhani jibu liko kwenye ubao wa zamu.

Kuna kipimo maarufu kiitwacho ufanisi wa jumla wa mashine, kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Unachukua sehemu tatu unazizidisha: mashine ilikuwa tayari muda gani, ilikwenda kwa kasi gani ikilinganishwa na inayotakiwa, na kazi nzuri ilikuwa kiasi gani. Ukipata 90, 95 na 99, jibu ni kama 85, na hiyo husifiwa. Viwanda vya chipu vina hata kiwango chao cha pamoja kinachogawa muda wa mashine katika hali sita: inazalisha, inasubiri, iko kwa wahandisi, matengenezo yaliyopangwa, imeharibika, au haikupangiwa kazi. Mimi nakipenda kile cha hali sita, kwa sababu kinakwambia uende ukaangalie wapi. Ile namba moja iliyozidishwa siiamini ikisimama peke yake. Unaweza kuipandisha usiku kucha kwa kutengeneza vitu ambavyo hakuna aliyeviomba, vikaongeza foleni kwa jirani.

Na kuna kipimo kingine kijana wetu alikikuta: idadi ya wefa zilizopita kwenye mashine zake kwa zamu moja. Zikifika lengo, skrini ni ya kijani. Zisipofika, ni nyekundu, na jina la zamu liko juu. Haikumchukua wiki mbili kugundua mchezo. Kuna kazi fupi na kazi ndefu. Ukichagua fupi, namba inapanda. Zile ndefu, ambazo pengine ndizo zinazosubiriwa kule kwenye banio, zinalala hadi zamu nyingine. "Shangazi," aliniambia, "jana tumepongezwa, na mashine kubwa kule mbele ilikaa saa tatu haina kazi."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu. Niwaeleze kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Dawa zina alama ya mistari, na mgonjwa amevaa bangili yenye alama yake. Unaiskani bangili, unaiskani dawa, kompyuta inalinganisha. Ni kinga nzuri sana. Kisha uongozi ukaanza kubandika ukutani asilimia ya kila muuguzi, na aliye chini ya 95 akaandikwa kwa wino mwekundu. Skana zilikuwa chache, betri zinakufa, bangili ikilowa haisomeki. Tulifanya nini? Tulichapa bangili za ziada, tukazibandika mezani kwenye kituo cha wauguzi, tukawa tunaskani pale. Mimi nilikuwa mmoja wao. Namba yangu ilifika 98 na tukaletewa keki. Usiku mmoja nikaskani bangili ya mezani ya mzee wa chumba cha 9, nikaingia chumba cha 10 na sindano ya insulini. Aliyeniokoa ni mgonjwa mwenyewe. Akaniuliza, "Mimi sina kisukari, hiyo ni ya nini?"

Nilijiripoti mwenyewe. Nikaandikiwa barua ya onyo. Bangili za mezani ziliendelea kwa miezi miwili zaidi, na ukutani tulikuwa kijani wote.

Kijana wetu anakijua kisa hicho, nilimhadithia siku alipopata kazi. Ndiyo sababu, nadhani, usiku mmoja mwezi Machi simu yangu ililia saa tisa. Alikuwa kwenye mapumziko. Mashine yake inaweka utando, na unene wa utando hupimwa na kuchorwa kwenye chati. Chati hizi ni za zamani: Walter Shewhart alichora ya kwanza mwaka 1924 kwa ajili ya kiwanda cha simu, mstari wa wastani katikati, mpaka juu na mpaka chini. Sisi wauguzi tuna haki ya kujivuna kwamba Florence Nightingale alikwisha kuchora vifo vya askari wa vita ya Krimea mwaka 1858, akaonyesha kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha. Lakini Shewhart aliongeza swali zuri: hili ninaloliona ni kutikisika kwa kawaida, au kuna kitu kimebadilika?

"Shangazi, pointi saba zinapanda mfululizo. Zote ziko ndani ya mpaka. Hakuna king'ora kilicholia."

"Na wewe unaonaje?"

"Kuna kitu. Lakini nikisimamisha mashine sasa, zamu nzima inakuwa nyekundu. Mimi ndiye mgeni. Jina langu lenyewe hawawezi kulitamka. Watasema ni mimi niliyeiharibu."

Wazazi wenzangu, pale nilijiona. Nyumbani kwangu kikombe kikivunjika, neno la kwanza linalonitoka ni "Nani?" Kabla sijauliza kama mtoto amejikata. Nimemlea hivyo miaka 14, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya mamilioni, anangoja niulize "nani".

Sikujua chochote juu ya mashine ile. Nilimwambia tu, "Mwanangu, hiyo ni bangili ya mezani." Akakata simu.

Aliripoti. Mashine ikasimamishwa, zamu ikawa nyekundu. Wahandisi walifungua wakakuta kifaa kimoja kimechoka. Siri nyingine za kiwanda hasemi, na mimi simwulizi. Wefa zote zilizopita tangu kipimo kizuri cha mwisho zilizuiwa zikapimwa upya, na baadhi zilitupwa. Asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, alikuwa amejiandaa kwa lile swali. Msimamizi aliuliza, "Ilianza saa ngapi?" Wakahesabu masanduku kurudi nyuma. Kisha akauliza kwa nini chati haikupiga kelele yenyewe ilipofika pointi saba, na mhandisi akaambiwa airekebishe. Basi. Hakuna aliyeuliza nani.

Aliponisimulia nilimfurahia, na nitasema ukweli, nilimwonea wivu.

Sisemi viwanda vyote viko hivyo. Kiwanda hicho hicho bado kinahesabu wefa kwa zamu, na bado kuna wanaochagua kazi fupi. Kwa hiyo vijana mnaokwenda kwenye usaili, mkiulizwa kama mna swali, msiulize likizo kwanza. Ulizeni ubao wa zamu unaonyesha namba gani, na mara ya mwisho mtu aliposimamisha mashine nini kilitokea. Mtazame uso wa anayejibu. Swali hilo hilo linafaa hospitali, na ningeliuliza zamani ningeokoa usingizi mwingi. Na mzazi aliyeniuliza uuguzi au chipu: zote ni zamu za saa 12, zote zinataka mtoto mwenye subira na hesabu, na zote mbili hazijui sikukuu.

Mwenye ushahidi ni yeye. Amekaa pale nyuma karibu na sufuria la pilau, mwenye shati la kijani. Wanaotaka kujua habari za ile kozi ya siku kumi wamfuate sasa hivi, kwa sababu anaondoka saa kumi. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni.